Mwalimu na Mzigo wa Kazi Yake

Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 18, imo habari ambayo waalimu wengi wamewasimulia watoto mara nyingi, wala hawakufikiri kwamba inawahusu wao wenyewe. Yetro, kuhani wa Midiani, alikwenda jangwani kumwamkia Musa, aliyemwoa binti yake. Kesho yake alimwona Musa ameketi, na watu wamesimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni, kila mmoja na shauri lake mkononi. Yetro hakuisifu bidii hiyo. Alimwambia waziwazi kwamba afanyavyo si vyema, kwani atachoka yeye, na watu nao watachoka pamoja naye. Kisha akamwonyesha njia: achague watu wenye akili, waaminifu, wasiopenda rushwa, awaweke wakubwa wa elfu, na wa mia, na wa hamsini, na wa kumi. Mashauri makubwa wamletee yeye. Madogo wayakate wenyewe.

Maneno mawili ya habari hiyo yanafaa kutazamwa. La kwanza ni kwamba Yetro alikaa siku nzima akitazama kabla hajasema neno. La pili, nalo ndilo husahauliwa, ni kwamba watu nao watachoka. Wako waalimu wanaodhani kwamba kadiri mwalimu anavyojichosha, ndivyo anavyowafaa watoto. Yetro aliona kinyume chake. Yule mtu wa mwisho katika safu, aliyesimama juani tangu asubuhi, alirudi hemani kwake bila kusikilizwa, ijapokuwa Musa alifanya kazi hata jua likatua.

Darasani pia yuko mtu wa mwisho katika safu.

*Mzigo umetoka wapi*

Ni haki kusema kwanza yale yasiyo kosa la mwalimu. Katika nchi ya Kongo, Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, ilisema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, tena ni bure katika shule za serikali. Hata hivyo wazazi waliendelea kulipa kwa miaka mingi, maana sehemu ya riziki ya mwalimu ilitoka mikononi mwao. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kuitimiza sheria hiyo. Shule za misioni hazikuachwa nje, kwa sababu tangu mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule za kikatoliki zilizo katika mapatano hayo ni shule za serikali zinazoongozwa na Kanisa.

Basi watoto walikuja. Walikuja wale waliokuwa wakichunga mbuzi, na wasichana waliobaki nyumbani kulea wadogo zao, na wengine wenye miaka kumi ambao hawajapata kushika kalamu. Ni furaha kubwa, na asiyeifurahia hana moyo wa mwalimu. Lakini kuta hazikupanuka. Darasa lililojengwa kwa watoto 40 likajazwa na watoto 70, au 90, na mahali pengine likapita 100. Mijini shule nyingi zinasomesha kwa zamu mbili, kundi moja asubuhi na jingine mchana. Tena wako waalimu wanaofundisha kila siku na majina yao hayajaingia katika orodha ya mishahara. Mwaka wa shule ulipofunguliwa Septemba 2024, waalimu wengi waligoma wakidai mshahara unaotosha kuishi.

Mambo hayo hayaponywi kwa ushauri wa gazeti. Ni deni la wenye mamlaka, na kulidai si dhambi. Lakini kengele ya kesho italia vilevile, na mwalimu atawakuta watoto mlangoni. Ndiyo sababu inafaa kutazama ni sehemu gani ya mzigo iliyo mikononi mwake mwenyewe.

*Hesabu ya madaftari*

Mwalimu wa darasa la tatu ana watoto 72. Leo ametoa imla ya mistari mitano. Akitaka kulisoma kila daftari kwa dakika 3 tu, zitamchukua dakika 216, yaani saa 3 na dakika 36. Akitoa na hesabu siku hiyohiyo, na kuzisahihisha kwa kadiri ileile, zitakuwa saa 7 na dakika 12. Hapo hajala, hajatayarisha somo la kesho, hajawaona watoto wake mwenyewe, na taa yake ni tochi ya simu ambayo moto wake unakwisha.

Mwalimu huyo atafanya nini? Aghalabu atafanya moja la mambo matatu. Huenda ataacha madaftari yarundikane mpaka siku inspekta atakapokuja, kisha atayamaliza yote kwa usiku mmoja. Huenda atayasoma kweli, kwa kuiba usingizi wake, na kufika darasani asubuhi mwenye macho mekundu na ulimi mkali. Mtoto akiangusha kibao, anapata adhabu ya uchovu wa mwalimu. Lakini wengi hufanya la tatu: wanatia alama nyekundu kila ukurasa pasipo kusoma. Linaonekana dogo kuliko yote, nalo ndilo baya kuliko yote. Daftari lisilosahihishwa halimwambii mtoto neno. Daftari lenye alama ya uongo linamwambia kwamba kosa lake ni kweli.

Karibu katika kila darasa kubwa yuko mtoto wa namna hii. Anakaa benchi la nyuma, ni mtulivu, hana ugomvi na mtu. Mwandiko wake ni mzuri, pengine mzuri kuliko wa wengi, kwa maana amejifunza kuyaiga maneno ya ubaoni kama mtu anavyoiga maua ya kitambaa. Lakini hajui kusoma. Herufi anazichora, hazisemi naye. Wenzake wakisoma pamoja kwa sauti, yeye anasogeza midomo. Daftari lake likija kwa mwalimu aliyechoka, linapendeza macho. Linapata alama nzuri. Hivyo anapita darasa la tatu, na la nne. Anafika darasa la tano, ambako masomo yote ni kwa Kifaransa, na hapo siri yake inafunuka. Watu husema, mtoto huyu amekuwa mvivu. Hakuwa mvivu hata siku moja. Alisimama katika safu ya Musa miaka minne, na jua likatua bila kusikilizwa.

Swali la kuuliza, basi, ni hili: mwalimu mwenye madaftari 72 atampataje mtoto huyo mapema? Jinsi ya kuyamaliza madaftari yote ni jambo la pili.

*Vibao*

Njia moja ni ya zamani, tena wengi walijifunza kwayo. Katika karne ya 19, katika shule ya La Martinière mjini Lyon, Ufaransa, ilianzishwa desturi ya kuwafanya wanafunzi wote wajibu kwa pamoja juu ya vibao. Desturi hiyo ilisambaa katika shule zinazofuata mafundisho ya Kifaransa, hata ikafika Afrika. Waalimu wazee wanaikumbuka vema. Vijana wengine wanaidharau kwa sababu ni ya wazee.

Mwalimu anatoa swali moja fupi: saba mara nane. Watoto wanafikiri, hakuna anayeandika. Mwalimu anapiga mkono mezani, wote wanaandika. Anapiga tena, chaki zote chini. Mara ya tatu vibao vyote vinainuliwa, navyo vinamtazama mwalimu. Kwa muda wa pumzi mbili amesoma majibu 72. Hakubeba daftari hata moja, wala hakutumia tone la wino. Waliokosa anawaona kwa macho, na wale wanaochelewa kuinua kibao ili wapate kuchungulia cha jirani anawaona pia. Anaeleza, watoto wanafuta, swali la pili linafuata. Katika dakika kumi na tano amejua mengi kuliko angalijua kwa saa tatu za usiku.

Katika kusoma hufaa vilevile. Mwalimu haandiki neno ubaoni. Analitamka tu, nao waliandike. Au anaandika ubaoni amri fupi bila kusema kitu: chora yai, chora nyumba yenye milango miwili. Mtoto anayejua kusoma atachora nyumba. Yule wa benchi la nyuma mwenye mwandiko mzuri ataiga maneno yenyewe, au atamtazama jirani. Hapo mwalimu amempata, na huenda ni mwezi wa Oktoba tu.

Mahali pasipo vibao vya kununua, kipande cha ubao kilichosuguliwa vizuri na kupakwa rangi nyeusi kinatosha. Seremala wa kijiji akiombwa na kamati ya wazazi atavikata kwa siku chache. Ni mchango ulio mwepesi kwa wazazi kuliko fedha.

*Madaftari kumi na mawili*

Vibao havitoshi peke yake, kwa kuwa mtoto lazima aandike daftarini, na maandishi yake yasomwe. Mwalimu wa watoto 72 awagawe katika makundi sita ya watoto 12. Kila siku ya juma, tangu Jumatatu hata Jumamosi, achukue madaftari ya kundi moja tu. Kila daftari alipe dakika 5. Jumla yake ni saa moja, nayo ni saa moja ya kazi ya kweli: anasoma, anatafuta chanzo cha kosa, anaandika neno moja la kumsaidia mtoto. Shule isiyofundisha Jumamosi itafanya makundi matano, na kazi itaongezeka kidogo.

Je, makundi mengine siku hiyo? Watoto wanabadilishana madaftari na majirani, mwalimu anaandika majibu sahihi ubaoni, nao wanasahihisha kwa kalamu ya risasi huku yeye akizunguka kati ya mabenchi. Mtoto anayetafuta kosa katika daftari la mwenzake anasoma kwa uangalifu ambao hana katika daftari lake mwenyewe. Hivyo ndivyo wanadamu walivyo. Alama hizo hazihesabiwi katika matokeo. Zinamfundisha tu.

Watu watauliza: na inspekta? Ni kweli kwamba baadhi ya wainspekta hupima bidii ya mwalimu kwa wingi wa wino mwekundu. Mwalimu asimngoje aje amkaripie. Azungumze mapema na mkuu wa shule, waandike mpango huo katika ukurasa wa kwanza wa kitabu cha matayarisho: makundi sita, siku zake, na majina ya watoto. Mkaguzi anayeonyeshwa utaratibu kabla hajauliza huwa mtu mpole. Anayeonyeshwa udhuru baada ya kuuliza huwa mtu mwingine.

*Wakubwa wa kumi*

Mtakatifu Yohane Mbatista de La Salle, aliyezaliwa Reims mwaka 1651 na kufa mwaka 1719, alijua madarasa makubwa ya watoto maskini. Papa Pio XII alimtangaza kuwa msimamizi wa waalimu mwaka 1950. Katika shule zake, kazi ndogondogo za darasa zilikuwa mikononi mwa watoto wenyewe: mmoja anaongoza sala, mmoja anapiga kengele, mmoja anatunza ufunguo, wengine wanagawa karatasi na kuzikusanya, wengine wanafagia. Mwalimu alitumia chombo kidogo cha mti kutoa ishara, ili asiseme ovyo na kuimaliza sauti yake. Mwenye kufundisha watoto 90 kwa kelele kuanzia asubuhi anaelewa faida ya jambo hilo ifikapo Alhamisi.

Mwalimu ajaribu siku moja kuhesabu ni mara ngapi anafanya kazi ambayo mtoto wa miaka tisa angaliweza kuifanya. Kugawa madaftari 72 mwenyewe ni dakika kumi. Makapita sita, mmoja kwa kila kundi, watayagawa kwa dakika mbili. Kapita atajua pia nani hakuja leo katika watu wake kumi na wawili, na kwa nini. Mwalimu ataandika tu katika kitabu cha mahudhurio. Wabadilishwe kila mwezi, wasichana kwa wavulana, ili asiwepo mmoja anayejifanya bwana mdogo, wala mmoja anayepoteza masomo kwa kutumwatumwa. Kufagia kusiwe kazi ya wasichana peke yao.

Lakini pana mpaka. Mwanzoni mwa karne ya 19, Joseph Lancaster, Mwingereza aliyeanza kufundisha maskini wa London mwaka 1798, alitaka mwalimu mmoja aweze kusomesha mamia ya watoto kwa kuwatumia wanafunzi wakubwa kuwafundisha wadogo. Njia yake ilienea katika nchi nyingi kwa sababu ilikuwa ya gharama ndogo. Baadaye iliachwa, maana watoto walijifunza kukariri tu. Mwenye kuwafundisha hakujua zaidi ya lile alilokuwa amekariri yeye mwenyewe. Kapita anaweza kumsikiliza mwenzake akisoma, na kumwonyesha neno lililomshinda. Kumfundisha somo jipya ni kazi ya mwalimu. Kapita asiruhusiwe kushika fimbo hata kidogo. Na kuwapeleka watoto shambani kwa mwalimu wakati wa masomo si kugawa kazi kama Musa, ni kuiba.

*Matayarisho*

Kuhusu karatasi za matayarisho maneno ni machache. Mwalimu anayenakili kila mwaka maneno yaleyale kwa wino mpya, ili tu tarehe iwe mpya, anapoteza saa nyingi bila faida. Karatasi ya mwaka jana itunzwe, na baada ya somo iandikwe pembeni: hapa watoto hawakuelewa, mfano huu ulifaa, somo lilikuwa refu. Mwaka ujao kuna dakika chache tu za kuitengeneza. Mahali penye waalimu watatu wa darasa moja, mmoja atayarishe hesabu, mwingine Kifaransa, wa tatu mazingira, kisha wabadilishane Jumamosi. Jambo hili hushindikana mara nyingi kwa sababu ya aibu, kila mtu akiogopa mwenzake aone makosa yake. Aibu hiyo ni ghali.

Mwalimu aliye peke yake kijijini, mwenye madarasa mawili katika chumba kimoja, hana mwenzake wa kubadilishana naye. Yeye apange saa zake hivi kwamba kundi moja linaandika wakati jingine linasema, na asijaribu kamwe kusema na yote mawili pamoja.

*Baada ya kengele*

Kijijini mwalimu haachwi. Yeye ni mwandishi wa barua, msomaji wa karatasi za mahakama, mweka hesabu za michango ya msiba, mpatanishi wa ndoa. Ikiwa ni katekista pia, wakatekumeni wanamngoja Jumamosi na ibada inamngoja Dominika. Kila moja ya kazi hizo ni njema. Zote pamoja humfanya afike darasani akiwa kivuli. Asiwafukuze watu, awape siku. Anayekuja Jumatatu na barua yake aambiwe kwa upole aje Alhamisi baada ya saa tisa. Mara chache barua haiwezi kungoja, na msiba haungoji. Mengine yote hungoja, na mengine yakingoja hupona yenyewe.

Waalimu wanawake wana neno jingine. Anayetoka shuleni saa saba anakwenda kuanza kazi ya pili: maji, moto, mtoto mgonjwa, jembe. Mkuu wa shule anayeitisha mkutano saa kumi jioni na kuuongoza mpaka giza, kisha kumlaumu mama huyo kwa kutotayarisha masomo, hajafanya hesabu. Mikutano iwekwe mara tu baada ya masomo, iwe na mambo mawili au matatu, iishe. Na mume wa mwalimu huyo, hasa kama naye ni mwalimu, anajua vema uzito wa rundo la madaftari. Anaweza kuteka maji.

Usingizi usiwe akiba ya kuchotwa kila kazi inapozidi. Usiku mmoja kabla ya mtihani wa darasa la sita, si kitu. Lakini mwenye kulala saa nne kila siku kwa miezi mitatu, mwishowe ataanza kuwachukia watoto, naye hatajua kwa nini.

*Ya kuzungumza katika mkutano wa waalimu*

Kila mwalimu ahesabu kwanza, kwa dakika, kazi zake za juma lililopita, za darasani na za nyumbani, alete karatasi yake. Katika kazi hizo, zipi angaliweza kuzifanya mtoto, zipi mwenzake, zipi zisingekosewa na mtu kama zingaliachwa? Je, wakuu wa shule wanaomba ripoti ambazo hakuna anayezisoma? Mwishoni, kila mmoja aandike majina matatu ya watoto wa darasa lake ambao hakuwasikia wakisoma peke yao tangu mwaka wa shule ulipoanza. Asiyeweza kuyakumbuka majina yao aende kesho asubuhi na kitabu chake cha mahudhurio, aanzie benchi la nyuma.